Farasi wa vifuu viwili

Kila nikienda kwetu Tanga narudi Dar na mfuko wa vifuu. Mama mdogo huniuliza kama nimeingia biashara ya mkaa. Nikimwambia ni farasi, anasonya, anarudi kwenye mbuzi yake na kuendelea kukuna nazi.

Kazi yangu ni kutengeneza sauti za filamu na za michezo ya redio: nyayo, milango, ngumi, mvua, na mara mojamoja farasi. Hollywood kazi hii inaitwa Foley, kwa jina la Jack Foley wa studio za Universal, fundi wa tangu enzi filamu zilipoanza kusema. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba upo. Mtazamaji anadhani mlango umejifunga wenyewe.

Nikiulizwa ni filamu gani iliyowatendea haki watu wa kazi hii, sitaji ya vita wala ya anga za juu. Nataja kichekesho cha mwaka 1975 cha kundi la wachekeshaji wa Uingereza liitwalo Monty Python, yaani Monty Python and the Holy Grail, kinachomhusu Mfalme Arthur na mashujaa wake wanaohangaika kutafuta kikombe kitakatifu. Humo ndani fundi wa sauti ametolewa stoo na kusimamishwa mbele ya kamera, tena na mzigo mgongoni.

Mwanzoni yanatokea maandishi: Uingereza, mwaka 932. Ukungu umetanda na upepo unavuma. Humwoni mtu, ila kwato unazisikia. Yeyote aliyewahi kutazama filamu za enzi hizo keshajua kitakachofuata, mfalme juu ya farasi. Mfalme anatokea kweli, Graham Chapman na taji lake, ameshika hatamu ambazo hazipo, anarukaruka kwa miguu yake mwenyewe kama mtoto aliyepanda fagio. Nyuma yake anakuja mtumishi, Patsy, akigonganisha vifuu viwili vya nazi. Patsy ni Terry Gilliam, mmoja wa waongozaji wawili wa filamu hiyo. Mwenzake ni Terry Jones.

Watu hucheka kwa sababu farasi hayupo. Mimi nacheka kwa sababu sekunde chache kabla ya hapo alikuwepo. Nilimsikia, na kichwani nilishampa rangi na urefu. Sikio ni jepesi kudanganyika: likipewa mlio unaoangukia mahali panapotegemewa, halidai risiti. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, na mlio ukichelewa kwa picha moja au mbili mtazamaji wa kawaida hashtuki. Zikifika nne au tano anaanza kuhisi kuna kitu hakiko sawa, hata asipojua ni nini. Riziki yetu yote imo ndani ya huo mwanya mdogo. Sasa hawa jamaa wamekupa mlio, wakasubiri uuamini, ndipo wakakuonyesha kinachoutoa. Cha ajabu, ukishaviona vile vifuu bado unamsikia farasi.

Tukubaliane kwanza kwamba si kila kifuu ni farasi. Kazi yangu ya kwanza ya kwato ilikuwa mchezo wa redio, msafara wa sultani unaingia mjini. Nilikuwa na haraka, nikavunja nazi asubuhi hiyohiyo, nikaikwangua juujuu, nikaenda nayo studio. Nyama iliyobaki ndani ilimeza mlio wote. Mtayarishaji alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akauliza, "Kaka, huyu farasi amevaa ndara?" Studio nzima ikaangua kicheko na mimi nikarudi sokoni.

Siku hizi navianika juani mpaka vikauke kabisa, halafu navipiga msasa ukingoni. Vifuu viwili vya nazi moja havilii sawa: chenye macho kina mlio wake na kile cha chini kina wake, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomfanya farasi awe na miguu zaidi ya mmoja. Ukivigonganisha vyenyewe kwa vyenyewe unapata barabara ya mawe. Ukivipigiza kwenye beseni la mchanga mkavu, hapo ni njia ya vumbi. Nikivijaza sufi, ile ya mito ya kulalia, mnyama anapita kwenye majani. Mwendo nao una hesabu yake. Farasi anayetembea ana mapigo manne yaliyoachana sawasawa. Akianza kukimbia mwendo wa wastani yanakuwa matatu, kisha kimya kidogo miguu yote ikiwa hewani, kisha matatu tena. Anayeanza kazi huusahau huo ukimya, na bila huo ukimya unasikia mtu anagonga meza.

Turudi kwenye filamu. Arthur anafika chini ya ukuta wa ngome na kujitambulisha kwa majina yote makubwa. Mlinzi wa juu hajali ufalme wake hata chembe. Anachotaka kujua ni vile vifuu vimepatikana wapi, maana nazi ni tunda la nchi za joto na pale ni Uingereza. Arthur anajibu kwamba mbayuwayu husafiri kwenda kusini. Basi kunazuka ubishi wa kitaalamu: ndege wa wakia tano atabebaje nazi ya ratili moja? Je, kama ni mbayuwayu wa Afrika? Mfalme anachoka, anaondoka, na ubishi unaendelea nyuma yake.

Sisi wa pwani tuna haki ya kuingilia ubishi huu. Mbayuwayu wa Ulaya ana uzito wa gramu 20 hivi, kwa hiyo wakia tano, yaani gramu 140 hivi, ni kumsingizia unene. Lakini safari anazo kweli: baridi ikianza kwao anavuka Sahara na kuja huku, na wale wa Uingereza hufika mpaka Afrika Kusini. Wa kuonana na mnazi basi ni huyohuyo mgeni. Kuibeba nazi ndiyo hadithi nyingine. Huwa najiuliza mtafsiri wa kibanda umiza angeupitishaje ubishi ule kwa Kiswahili cha kasi yake. Nadhani angeacha wazungu wabishane na yeye akauza soda.

Mbona vifuu na si farasi? Fedha za farasi hazikuwepo. Sehemu ya bajeti yao ndogo ilitoka kwa wanamuziki, wakiwemo Pink Floyd, Led Zeppelin na Ian Anderson wa Jethro Tull, na kodi ya mapato Uingereza wakati ule ilikuwa kali kiasi kwamba tajiri aliona heri fedha yake ipotelee kwenye kichekesho. Wakapiga picha Uskoti mwaka 1974. Ruhusa ya kutumia ngome kadhaa ilifutwa dakika za mwisho, ikabidi ngome moja ya Doune iigize karibu ngome zote: ukiona ya Wafaransa ni Doune, ukiona ya kwenye kinamasi ni Doune, wamebadilisha tu upande na chumba. Camelot, ngome ya Arthur tunayoiona kwa mbali, ni mfano mdogo tu, na Patsy analisema hilo waziwazi mbele ya mashujaa wanaoishangaa.

Kitu kinachonigusa mimi zaidi ni zile nguo za minyororo ya chuma. Nyingi zilikuwa sufu iliyofumwa kwa sindano kisha ikapakwa rangi ya fedha. Kwenye mvua ya Uskoti zilinyonya maji na waigizaji wakatetemeka humo kutwa. Sufu iliyolowa hailii kama chuma, hailii kabisa. Shujaa wa namna hiyo anakuja mezani kwangu akiwa bubu kuanzia shingoni hadi magotini, na mlio wake wote inabidi utafutwe kwingine. Mimi hutumia mnyororo wa mbwa na funguo kuukuu.

Muziki nao una kisa. Neil Innes aliwatungia muziki, na nyimbo zake za kuchekesha zimebaki, lakini sehemu kubwa ya ule wa nyuma ya picha waliitoa wakaweka muziki mzito wa kishujaa kutoka maktaba ya De Wolfe, muziki uliokuwa umerekodiwa tayari kwa ajili ya yeyote mwenye haja. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora katika sauti za filamu nzima. Muziki wa kichekesho humkonyeza mtazamaji, unamwambia hapa cheka. Ule wa maktaba hauna habari na utani wowote. Unapiga tarumbeta kwa dhati kabisa huku mfalme akirukaruka bila farasi. Waongozaji wengi wa huku wangeweka ile filimbi ya kikatuni, na nimeshaombwa kuiweka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Farasi wa kweli ndani ya filamu ni mmoja tu, na anapita haraka sana. Katikati ya hadithi anatokea mwanahistoria wa siku zetu, anaieleza kamera mkakati wa Arthur. Shujaa asiyejulikana anapita shoti juu ya farasi mwenye miguu minne halisi, anamkata shingo na kutokomea. Mke wa marehemu anakuja mbio. Kuanzia hapo polisi wa kisasa wanaingia kwenye upelelezi, polepole, pembeni ya hadithi, mpaka mwisho: Arthur ana jeshi kamili nyuma yake (wengi wao walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stirling), anatoa amri, wanashuka mlima wakipiga kelele, na gari la polisi linakuja kuwakatiza. Mfalme anakamatwa.

Nimeitazama mara nyingi mno, na kila mara najiuliza kwa nini hakuna anayemtetea. Muuaji alikuwa juu ya farasi. Arthur hana farasi. Uingereza nzima imemwona na vifuu vyake.

Kisha askari mmoja anaifuata kamera, anaiziba lenzi kwa kiganja, filamu inachomoka na picha inakufa. Hakuna majina ya waigizaji, hakuna chochote. Ni kinanda tu kinachopigwa gizani, kwa muda mrefu kupita kiasi. Nyumbani kwangu ikifika hapo mtu lazima atoke chumbani kuuliza kama umeme umekatika.