Je, wajua kwa nini Ireland ina makumbusho ya watu walioondoka?

Makumbusho mengi tunayoyajua yanaonyesha vitu vilivyobaki, mifupa, vyungu, kiti cha mfalme flani. Sasa Dublin kuna jumba moja linaitwa EPIC, lilifunguliwa 2016, na lenyewe kazi yake ni kusimulia watu ambao hawapo, wale waliopanda meli wakaenda zao.

Liko chini ya jengo la CHQ kando ya mto Liffey, ghala la zamani la bandarini lililomalizika 1820, humo humo kwenye mapango ya matofali. Ukiingia unapewa kijitabu kama pasipoti, unakigonga muhuri chumba hadi chumba, na vyumba viko 20. Usitegemee makabati ya vioo yaliyojaa vitu vya kale maana karibu kila kitu ni skrini na sauti, na mimi naona ni sawa tu, kwani mtu aliyekimbia njaa angeacha nini cha kuweka kabatini?

Maana njaa ndo kiini cha hii stori. 1841 kisiwa kizima kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Ardhi ilikuwa ya mabwana wakubwa, wengi wao wenye asili ya Uingereza, mkulima alikodi kishamba kidogo akapanda viazi kwa sababu hakuna zao lingine lingeshibisha familia kwenye kipande kile. Na wengi walipanda aina moja tu, inaitwa Lumper. Hebu fikiria mahindi yote huku kwetu yaoze msimu mmoja, afu yaoze tena unaofuata. Ugonjwa wa ukungu ukaingia 1845, viazi vikawa vinageuka uji mweusi ardhini, na mpaka 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni wameondoka. Kinachouma ni kwamba shayiri na ng'ombe ziliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza wakati watu wanakufa. Leo kisiwa kina watu milioni 7 hivi, yaani hata ile hesabu ya 1841 hawajaifikia tena.

Njaa ikaisha lakini kuondoka hakukuisha, kukawa kama desturi. Usiku wa mwisho kabla kijana hajasafiri kwenda Marekani nyumba ilijaa majirani, wanakunywa, wanacheza, wanalia, kama kilio cha maiti kabisa, yaani matanga ya mtu aliye hai, kwa sababu mama alijua huyu hamwoni tena. Na wasichana wengi walienda peke yao, bila mume wala baba, wakawa mahausigeli New York na Boston, mshahara wakatuma nyumbani, hela ile ikalipa tiketi ya mdogo wake, naye akafika akamlipia mwingine. Hizo habari za kutuma pesa nyumbani tunazijua sana. Mtu wa kwanza kuandikishwa kituo cha kupokea wahamiaji cha Ellis Island, New York, kilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1892 alikuwa msichana wa Cork, Ireland, Annie Moore, amekuja na wadogo zake wawili kuwafuata wazazi waliotangulia.

Ndo maana ukianza kuchimba unawakuta Wairishi kila mahali. Aliyeanzisha jeshi la majini la Argentina, William Brown, alizaliwa Mayo, Ireland. Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, alikuwa konseli, yaani balozi mdogo, wa Uingereza Kongo, na ripoti yake ya 1904 ndo iliyoanika ukatili wa biashara ya utomvu wa mpira ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, afu 1916 Waingereza haohao wakamnyonga kwa kupigania uhuru wa Ireland kutoka kwao. Hata mwenye wazo la hili jumba, Neville Isdell, aliyewahi kuwa bosi wa Coca-Cola dunia nzima, alizaliwa Ireland ya Kaskazini akakulia Zambia.

Na sisi pia tumo. Brother Colm O'Connell, mtawa Mkatoliki kutoka Ireland, alifika Iten, Kenya, 1976 kufundisha jiografia shule ya St. Patrick's, akawa kocha wa riadha ingawa ukocha hajawahi kusomea, akabaki hukohuko, na kijana aliyemfunza, David Rudisha, akakimbia mita 800 London 2012 kwa 1:40.91, rekodi ya dunia.

Halafu kuna Obama. Sisi tunamjua wa Kogelo, lakini upande wa mama kuna babu yake wa mbali, Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa kijiji kinaitwa Moneygall, aliyeondoka 1850 njaa ikiwa bado mbichi. Mei 2011 Obama akaenda Moneygall akanywa bia kwenye baa ya kijiji, na miaka mitatu baadaye wakafungua hapo barabarani kituo cha petroli na misosi, wakakiita Barack Obama Plaza.