Kufundisha mizani ya nishati kwa mwili ambao bado unajengwa

Nimefundisha elimu ya michezo katika shule za sekondari hapa Tanzania kwa miaka 17, zaidi katika shule za bweni, na mada niliyoibadilisha mara nyingi kuliko zote ni ile ya uhusiano wa chakula, mazoezi na nishati. Katika miaka ya mwanzo niliifundisha kama nilivyofundishwa chuoni: nilichora mizani ubaoni, upande mmoja nikaandika chakula kinacholiwa, upande wa pili kazi inayofanywa, kisha nikaeleza kwamba pande hizo zikilingana uzito hautabadilika, chakula kikizidi mtu atanenepa, na kazi ikizidi atapungua. Maelezo hayo si ya uongo. Hata hivyo yalimdhuru mwanafunzi wangu mmoja, na tangu wakati huo nimekuwa nikijiuliza kijana wa miaka 15 anasikia nini hasa anapochorewa mizani ile.

Mwanafunzi huyo alikuwa msichana wa kidato cha pili, mkimbiaji wa mita 1,500, mwenye bidii ambayo kila mwalimu wa michezo huitamani. Wiki ile nilikuwa nimewapa darasa hesabu niliyoiona nzuri. Kukimbia humgharimu mtu takriban kilokalori 1 (kilokalori ni kipimo cha nishati) kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilometa, kwa hiyo mtu wa kilo 50 anayekimbia mchakamchaka wa kilometa 3 hutumia kilokalori 150 hivi, kiasi kinachokaribia kabisa kile kilichomo katika soda ya chupa ya mililita 350. Darasa zima lilishangaa, nami niliufurahia mshangao wao nikidhani ndiyo dalili ya kuelewa. Yeye aliibeba hesabu ile hadi bwenini, akaanza kulipia kila alichokula kwa kukimbia. Kwanza aliacha andazi la saa 4, kisha uji, kisha akawa anagawa nusu ya ugali wake. Uwanjani nilimsifu mbele ya wenzake kwa kujituma. Matroni ndiye aliyegundua kwamba hedhi yake ilikuwa imekoma kwa miezi mitatu na kwamba maumivu ya miundi yaliyokuwa yakimsumbua hayakuwa ya kawaida. Alipopumzishwa na kulishwa vizuri alipona, lakini ilichukua muda mrefu, na sikuweza kujiambia kwamba hakuwa amenielewa. Alikuwa amenielewa sawasawa.

Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, ila nilikuwa nimeianzia mahali pabaya. Nilianzia kwenye jasho na uzito, nikaacha sehemu kubwa kuliko zote, yaani nishati ambayo mwili huitumia hata mtu akiwa amelala chali bila kufanya lolote. Ndiyo maana siku hizi kipindi cha kwanza cha mada hii huanza kwa wanafunzi kulala kwenye nyasi kwa dakika 5, chini ya mwembe ulio kando ya uwanja wetu. Kila mmoja hushika mshipa wa mkono wake, huhesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15, kisha huzidisha kwa 4. Nawauliza: moyo huu unafanya kazi kwa gharama ya nani? Na mapafu, na ini, na figo, na ubongo? Tunarudi darasani tukiwa na daftari na kikokotoo, tunachukua kanuni za Schofield za mwaka 1985 za kukadiria nishati ambayo mwili uliopumzika huitumia kwa siku, ambazo wataalamu wa lishe bado wanazitumia. Kwa msichana wa miaka 10 hadi 18, uzito wake kwa kilo huzidishwa kwa 13.384 kisha hujumlishwa 692.6, kwa mvulana wa umri huo, uzito huzidishwa kwa 17.686 kisha hujumlishwa 658.2. Msichana wa kilo 50 hupata takriban kilokalori 1,360 kwa siku, na mvulana wa uzito huohuo takriban 1,540. Hapo ndipo naiweka ile 150 ya mchakamchaka pembeni ya 1,360, na wanafunzi wanaona wenyewe kwamba kukimbia ni tawi dogo la mti mkubwa.

Baada ya hapo nawapa mfano ambao wengi wao wanaufahamu kutoka nyumbani, wa familia iliyohamia kwenye nyumba ambayo bado inajengwa. Milango ipo, bati limeezekwa, lakini plasta haijapigwa na chumba cha nyuma hakina sakafu. Pesa inapoingia, kwanza hununuliwa chakula, hulipwa maji na umeme, na kinachobaki ndicho hununua saruji. Pesa ikipungua, familia haihami wala haifi. Fundi tu ndiye anayeambiwa asubiri. Mwili wa kijana nao hufanya hivyo. Moyo na ubongo vitapewa kwanza, na nishati ikipungua mwili utasimamisha yale unayoweza kuyaahirisha: hedhi, ujenzi wa mifupa, ukarabati wa misuli baada ya mazoezi, nguvu ya kupambana na mafua. Kwa hiyo hedhi ya mkimbiaji inapokoma, kocha asiichukulie kama jambo la kawaida la wanamichezo, kwa kuwa ni fundi ameambiwa asubiri. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko rasmi kuhusu hali hii ya upungufu wa nishati katika michezo, na ikasisitiza kwamba inawapata wavulana pia, jambo ambalo walimu wengi bado hatulitilii maanani kwa sababu mvulana hana dalili iliyo wazi kama ile.

Mfano huo una upande mwingine ambao ulinishangaza mwenyewe nilipoukokotoa kwa mara ya kwanza. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya Duniani ni kwamba kila gramu ya mwili inayoongezeka wakati wa kukua hugharimu takriban kilokalori 2. Mvulana anayeongezeka kilo 6 kwa mwaka atahitaji basi kilokalori 12,000, ambazo ukizigawa kwa siku 365 unapata 33 tu kwa siku, chini ya vijiko viwili vya chai vilivyojaa sukari. Nishati ya kukua ni ndogo kiasi hicho! Kinachokosekana mara nyingi ni vifaa vya ujenzi vyenyewe: protini, kalsiamu, madini chuma. Mtu anaweza kushiba na bado akakosa saruji, na hili ndilo jambo ambalo hesabu ya kilokalori pekee haiwezi kulionyesha hata ukiifanya kwa uangalifu mkubwa.

Tuchukue mlo wa shule ya bweni kama wengi tunavyoujua. Uji wa saa 4 wenye unga gramu 30 na sukari gramu 15 unatoa kilokalori 170 hivi. Ugali wa mchana uliosongwa kwa unga gramu 200, pamoja na maharage yaliyokuwa gramu 60 kabla ya kupikwa na mafuta gramu 5, unakaribia 970. Jioni tukirudia hivyohivyo, jumla ya siku ni takriban 2,100. Makadirio ya kimataifa kwa kijana wa miaka 15 hadi 16 mwenye shughuli za wastani ni takriban 2,500 kwa msichana na zaidi ya 3,100 kwa mvulana. Tofauti hiyo ipo kabla hatujapiga filimbi ya mazoezi ya kujiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kabla ya kuchota maji, kabla ya kulima shamba la shule. Mwalimu anayesimama mbele ya wanafunzi hawa na kuanza na hatari za kunenepa anajibu swali ambalo hawajaulizwa na miili yao.

Sisemi kwamba unene si tatizo. Nimefundisha pia katika shule ya kutwa ya mjini, ambako mwanafunzi hushushwa na bajaji getini, hukaa dawatini hadi saa 9 alasiri, hula chipsi mayai na soda, kisha hurudi nyumbani kukaa tena na simu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kiasi cha kati hadi ya nguvu, na takwimu zake za mwaka 2016 zilionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango hicho. Vijana wale wa mjini walikuwa miongoni mwao. Hata kwao, hata hivyo, sikurudi kwenye hesabu ya kulipia soda kwa kukimbia, na sababu yangu ya kitaalamu inatoka hapahapa nchini.

Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa watu wazima 30 wa jamii ya Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya karibu na Ziwa Eyasi. Wanaume walikuwa wakitembea wastani wa kilometa 11.4 kwa siku na wanawake 5.8. Nishati waliyoitumia kwa siku ilipimwa kwa maji yenye atomu maalumu zinazoweza kufuatiliwa mwilini, na ilipolinganishwa kwa kuzingatia ukubwa wa mwili, haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Utafiti huo ulihusu watu wazima na haupaswi kuhamishiwa kwa vijana neno kwa neno, lakini unatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba mwili si duka ambamo kila kilometa hukatiwa risiti yake. Mwili hupanga upya matumizi yake. Mazoezi yanaimarisha moyo, mifupa, usingizi na hisia, na yanastahili kufundishwa kwa ajili hiyo. Kuyafanya kuwa adhabu ya kula ni kuyaondolea heshima.

Sukari na mafuta navifundisha jikoni, kwa kuviangalia. Tukishapata ruhusa, tunakwenda na mizani ndogo kwa mama anayetukaangia maandazi, tunamwamkia, tunapima mafuta kabla ya kukaanga na tunayapima tena baadaye. Katika andazi letu moja tulipata unga gramu 40, sukari gramu 5, na mafuta yaliyonywewa gramu 7. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kilokalori 4, ya mafuta hutoa 9, na kwa hesabu hiyo andazi linafika 220 na ushee. Mvulana mmoja alikodolea macho karai akauliza, “Mwalimu, kwa hiyo mafuta yote yaliyopungua tumeyala sisi?” Swali hilo lilizaa mazungumzo ya nusu saa kuhusu njia za kupika, bila mtu yeyote kuambiwa kwamba yeye ni mnene.

Kuna somo jingine fupi ninalolipenda kwa sababu halihitaji bajeti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu, na mchezaji mwenye upungufu wa damu huchoka mapema hata akifanya mazoezi namna gani. Madini chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa shida, chai ikinywewa pamoja na mlo huzidi kuyazuia, na vitamini C huyasaidia kupita. Kwa hiyo wachezaji wangu wa netiboli hunywa chai saa moja au zaidi baada ya kula maharage, na msimu wa machungwa au maembe unapofika matunda huliwa palepale na ugali. Dagaa wakipatikana huliwa wazimawazima na mifupa yao, maana humo mna kalsiamu, na umri huu ndio wa kuiweka mifupani.

Kuhusu kupima uzito darasani, nimeacha kabisa kufanya hivyo hadharani. Zamani niliwapanga mstari, nikasoma kilo kwa sauti, na mwanafunzi mwenzao akaandika ubaoni. Sasa anayehitaji kupimwa kwa sababu za kiafya hupimwa faraghani na mtu wa afya. Darasani tunapima vitu ambavyo kijana anaweza kuviboresha na kujivunia: umbali anaoruka akiwa amesimama, kilometa anazomaliza kwa dakika 12, na jinsi mapigo ya moyo yanavyoshuka dakika moja baada ya kuruka kamba. Mwanafunzi mnene na mwanafunzi mwembamba huweza wote kuona maendeleo katika vipimo hivyo ndani ya wiki nane, na hakuna kati yao anayelazimika kuuchukia mwili wake ili aendelee.

Mabadiliko ya mwisho yalitoka kwa wanafunzi wenyewe. Baada ya kukokotoa pengo la chakula chao, kidato cha tatu waliandika barua kwa mkuu wa shule, wakaambatanisha jedwali la kilokalori na protini, wakaomba wachezaji wapewe karanga za kuchemsha kabla ya mazoezi ya saa 10 jioni. Walikuwa wamekokotoa kwamba gramu 30 za karanga kavu zina kilokalori 170 hivi na protini gramu 7, na wakaandika pia bei ya gunia. Mkuu wa shule alisaini barua ile bila kuifanyia marekebisho. Karanga huchemshwa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na anayezigawa kwa kikombe ni kapteni wa timu.