"Ana mawazo": dhana potofu kuhusu kuyatazama mawazo

Tukisema mtu "ana mawazo", hatumaanishi kwamba anafikiri. Tunamaanisha kuna jambo linamtafuna. Na ushauri wetu ni uleule siku zote: "Acha mawazo." Ndiyo maana wengi wanaoanza zoezi la kuyatazama mawazo, yaani kutulia na kuyaona yakija na kupita bila kuyafuata, hukaa wakisubiri kichwa kiwe kitupu, na dakika mbili baadaye huinuka wakisema hawaliwezi.

Dhana: Lengo ni kuacha kuwaza

Kulifukuza wazo hulirudisha. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwataka wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na wagonge kengele kila akiwajia. Walishindwa kumzuia. Waliporuhusiwa kumfikiria, aliwajia mara nyingi zaidi kuliko alivyowajia wanafunzi wengine walioruhusiwa kumfikiria tangu mwanzo. Wegner alieleza kwamba ili uhakikishe huliwazi jambo, sehemu ya akili hubaki ikilitafuta.

Basi fanya hivi. Kaa kwenye kiti, nyayo sakafuni, mgongo wima bila kuegemea. Tega saa ya simu dakika 5. Chagua sehemu moja unapoihisi pumzi, puani au tumboni, na usihamehame. Akili itatoroka tu. Ukigundua, lipe wazo jina la neno moja kimoyomoyo: "kupanga", "kukumbuka", "kuhofia". Kisha ipokee pumzi inayofuata. Ikitoroka mara 20 nawe ukarudi mara 20, umefanya zoezi vizuri kabisa, maana kurudi ndiko kunakojenga uwezo.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye sauti ile ya ndani. "Kuhofia" ikitamkwa kwa ukali ni karipio, na karipio huzaa wazo jingine. Wengine huanza kuvuta pumzi kwa nguvu na kwa haraka. Kabonidioksaidi hupungua mno kwenye damu, kizunguzungu kikaja na vidole vikafa ganzi. Uache mwili upumue wenyewe. Ukishindwa, achana na pumzi kwa muda, usikilize sauti za nje au uhisi nyayo zako. Usingizi ukikuzidi, fumbua macho au simama.

Dhana: Wazo baya ukilitazama linakua

Linakua ukilijadili. Linganisha "Nitafukuzwa kazi" na "Wazo la kufukuzwa kazi limenijia." Kiswahili kinatusaidia sana hapa: katika sentensi ya pili wazo ndilo lililokuja, nawe umejiwa tu, kama mwenyeji aliyebishiwa hodi. Kama tayari unatunga majibu ya kumpa bosi, umeshaacha kutazama. Tafuta wazo hilo limekushika wapi mwilini (kooni, mabegani, tumboni?) na ukae na hapo kwa pumzi 3.

Dhana: Ni ibada ya dini nyingine

Chimbuko lake ni la Kibudha, hilo halifichwi. Ila mafunzo ya wiki 8 yanayotumika hospitalini yalianzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye msongo na maumivu sugu, na hayadai imani yoyote. Anayepigania khushui, yaani utulivu wa moyo na akili, katika swala anaujua tayari ugumu wa akili inayotoroka.

Dhana: Halina madhara, na linatosha kuwa tiba

Hii ndiyo dhana inayotutia wasiwasi zaidi. Kwa aliyepitia ukatili, ajali au msiba mzito, kufumba macho mahali pa kimya kunaweza kufungulia kumbukumbu asizoweza kuzibeba peke yake. Huyo aanze macho wazi, dakika 2 tu, akitembea polepole na kuhisi kisigino kikigusa chini, kisha vidole. Moyo ukianza kwenda mbio, aache, aguse kitu cha baridi, azungumze na mtu.

Nchini Uingereza, miongozo ya afya ya mwaka 2004 ilipendekeza tiba ya kikundi yenye mazoezi haya kwa watu waliougua sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha) mara 3 au zaidi, wakiwa wameshapata nafuu, ili isirudi. Aliye katikati ya ugonjwa ana mahitaji mengine: asiache dawa kwa sababu ya zoezi hili. Na anayesikia sauti wasizosikia wengine, asiyelala siku kadhaa, au anayewaza kujiua, apelekwe kituo cha afya leo hii, asindikizwe na mtu anayemwamini.