Kukufuru na kukufurishwa

Jumatano iliyopita, barazani Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani, Tanga, kijana mmoja fundi baiskeli aliuliza swali. Mzee wa pembeni yangu alikuwa akisimulia jinsi mkewe alivyopona homa iliyomganda kwa wiki kadhaa: aliandikiwa kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi, akanywa siku tatu. Kijana, mikono bado ina grisi, akasema: "Samahani babu. Kama kombe linatosha, mbona sote tukizidiwa tunapelekwa hospitali ya Bombo?"

Baraza likanyamaza. Kisha mmoja akasema, "We, usikufuru." Mwingine, ambaye swali hakulisikia vizuri kwa sababu alikuwa akichagua kashata, akadakia: "Vijana wa sasa wanakufuru sana."

Kufika Ijumaa habari ilishavuka mpaka Makorora, na njiani imebadilisha nguo. Kwanza "aliuliza". Halafu "alisema kombe ni uongo". Halafu "aliikashifu Qurani". Jumamosi asubuhi mama mmoja sokoni alinieleza mimi, niliyekuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwa yule kijana, kwamba kuna fundi baiskeli Ngamiani amechana msahafu.

Nimelisikia neno hili likitumiwa ovyo kwa miaka, nikanyamaza. Safari hii nimeona niseme.

Kukufuru, kwa ufupi, ni kumkana Mungu au neema zake, au kunena juu yake neno ambalo mwenye imani anajua halinenwi. Waislamu na Wakristo wa pwani wote wanalitumia, kila mmoja kwa mipaka ya vitabu vyake, na undani wa mipaka hiyo nawaachia wenye elimu yake. Mimi nataka neno lenyewe.

Limetoka Kiarabu, mzizi wake k-f-r, na maana yake ya kwanza haina dini ndani yake: ni kufunika. Mkulima anafunika mbegu kwa udongo. Katika Sura ya Al-Hadid, aya ya 20, pametolewa mfano wa mvua inayootesha mimea ikawapendeza wakulima, na neno la Kiarabu lililotumika pale ni kuffar, lile lile ambalo kwingine tunalifasiri makafiri. Wafasiri wetu wameandika "wakulima" wakapita, na mwenye shamba lake la michungwa kule Muheza anaisoma aya bila kujua kwamba hapo ametajwa yeye.

Kafiri, kwa asili hiyo, ni mfunikaji. Ukweli umemfikia, ameutambua, kisha akauwekea kifuniko. Hilo la kuutambua ndilo linaloangushwa njiani kila neno linapopita mtaani. Asiyejua hana alichofunika. Anayeuliza ndiyo kwanza anatafuta kifuniko kilipo akifunue.

Mzizi huo huo umetupa kafara. Aliyevunja kiapo anatoa kafara: analisha maskini 10, au anawavika, au anamwacha huru mtumwa, na akikosa anafunga siku 3. Kosa limefunikwa kwa wema. Sisi tumelivuta neno mpaka likawa mbuzi wa kuondolea nuksi, lakini kifuniko bado kipo ndani yake.

Halafu kuna kufuru ya magazetini, na hii nikiisoma huwa nacheka peke yangu. Msanii kanunua gari, "afanya kufuru". Harusi imekuwa na keki ya ghorofa saba, "ni kufuru". Klabu imesajili washambuliaji watatu kwa mpigo, hiyo nayo kufuru. Maana yake tu ni kwamba watu wameshangaa. Sina ugomvi mkubwa nayo, lugha ina haki ya kucheza. Ila tukumbuke kwamba neno tunalolibandika kwenye keki ndilo hilo hilo ambalo mahali pengine mtu akibandikwa hafiki jioni.

Sasa jirani yake, ambaye kila siku anachanganywa naye: kashfa. Mzizi wake ni k-sh-f, na maana yake, nakuomba uisome mara mbili, ni kufunua. Ni kinyume kabisa. Ndiyo maana mwaka 2014 tulisema kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow: jambo lilikuwa limefichwa, likawekwa juani. Kumkashifu mtu ni kumvua nguo mbele za watu. Kukashifu dini ni kuidhalilisha hadharani kwa kusudi, na jambo hilo linahitaji hadhira na linahitaji nia. Hulifanyi peke yako chumbani taa imezimwa.

Kwa hiyo neno moja ni la kufunika na jingine ni la kufunua, na mtaani kwetu mtu anarushiwa yote mawili kwa pumzi moja kwa sababu ameuliza habari za sahani ya zafarani. Kuuliza hakumo humu wala humu. Nabii Ibrahim alimwomba Mola wake amwoneshe jinsi anavyofufua wafu. Akaulizwa, kwani huamini? Akajibu naamini, ila moyo wangu utulie. Hakuambiwa amekufuru, aliambiwa achukue ndege wanne. Tomaso naye alisema hasadiki mpaka atie kidole penye alama za misumari, na hakuna aliyeokota jiwe.

Lakini kinachonikera kuliko vyote ni kiambishi. Kitenzi ni kufuru. Kinyambue, unapata kufurisha, chenye maana mbili. Ya kwanza ni ile ya mtu aliyechokozwa: "Usinikufurishe bwana", yaani usinifikishe mahali nikatamka neno. Ya pili ni kumtangaza mwenzio kuwa amekufuru. Aliyetangazwa hivyo ni aliyekufurishwa. Ukisema "aliyekufuru", mtenda ni yeye. Ukisema "aliyekufurishwa", yeye ni mtendwa tu, na mtenda ni mtu mwingine aliyejificha nyuma ya hiyo -ishwa. Chukua kichwa cha habari, "Aliyekufuru auawa", kisha weka "Aliyekufurishwa auawa". Cha kwanza kimeshamhukumu marehemu. Cha pili kinakulazimisha uulize ni nani aliyemkufurisha, na alipata faida gani.

Kabul, Afghanistan, Machi 2015. Farkhunda Malikzada, mwanamke wa miaka 27 aliyesomea dini, alibishana na mtu anayeuza hirizi kwenye kaburi linalozuriwa la Shah-Do Shamshira. Alimwambia biashara ile haina msingi katika dini. Yule mtu akapaza sauti kwamba mwanamke huyu amechoma Qurani. Kundi lilimpiga mpaka akafa, mwili ukachomwa kando ya mto, watu wanapiga picha kwa simu na askari wamesimama. Uchunguzi wa serikali haukupata dalili yoyote kwamba alichoma chochote. Jeneza lake lilibebwa na wanawake, jambo ambalo kule si desturi. Soma tena alichokuwa akibishania, kisha nirudishie lile swali la kombe. Farkhunda hakukufuru. Alikufurishwa na muuza hirizi aliyeona wateja wanaondoka.

Mardan, Pakistani, Aprili 2017. Mashal Khan, mwanafunzi wa uandishi wa habari, aliuawa na wanafunzi wenzake bwenini kwa habari iliyozagaa kwamba ameandika maneno ya kufuru mtandaoni. Timu ya uchunguzi haikuyaona maneno hayo. Ilichokiona ni kwamba kijana alikuwa akiulalamikia hadharani uongozi wa chuo. Mwaka uliofuata mahakama iliwatia hatiani watu 31, mmoja wao akahukumiwa kifo. Nchini humo humo, gavana wa Punjab, Salman Taseer, alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe tarehe 4 Januari 2011. Alikuwa amemtetea Asia Bibi, mwanamke Mkristo aliyehukumiwa kunyongwa kwa kukufuru, na kusema sheria ile irekebishwe. Yaani hata kuihoji sheria ya kufuru kulihesabiwa kufuru. Asia Bibi mwenyewe aliachiwa na Mahakama ya Juu mwaka 2018.

Nisije nikaonekana nanyoosha kidole upande mmoja. Biblia yetu ya Kiswahili ina sentensi ambayo kila ninapoisoma nasimama. Kuhani mkuu anararua mavazi yake na kusema: "Amekufuru, tuna haja gani tena ya mashahidi?" Hapo ndipo neno linapofanya kazi yake yote, maana likishatamkwa, ushahidi hauna kazi tena. Miaka mingi baadaye, Edinburgh, Januari 1697, waliokuwa wakimfuata huyo aliyeshtakiwa siku ile walimnyonga mwanafunzi wa miaka 20, Thomas Aikenhead, kwa maneno aliyoyasema akizungumza na wenzake.

Utaniuliza, na ni haki yako: je, kama mtu kweli amesema? Kwa sababu si wote wanaozushiwa. Deborah Samuel, mwanafunzi wa chuo cha ualimu Sokoto, Nigeria, aliuawa na wenzake Mei 2022 kwa ujumbe wa sauti alioutuma kwenye kundi la darasa la WhatsApp, na waliousikia waliona umemkosea Mtume. Tuseme walielewa sawasawa. Bado aliyewahi kukaa chini ya mwalimu wa fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, anajua kwamba hukumu ina kadhi, ina mashahidi, ina kusikilizwa na kupewa nafasi ya kurudi nyuma. Wanafunzi wenye mawe hawamo katika orodha hiyo. Ukiliita tendo lao "adhabu" umeshawapa joho la ukadhi. Kiswahili kina neno lake, kuua, na halina haja ya msaada.

Kwetu Tanzania Bara, kwa taarifa ya wanaosema "sheria ifuate mkondo", Kanuni ya Adhabu haina kosa la kukufuru. Kilichopo ni sura ya makosa yanayohusu dini, kifungu cha 125 hadi 129: kuharibu mahali pa ibada, kuvuruga ibada, kuingilia makaburi, kuzuia maziko, na mwisho kutamka neno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu, ambalo adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja. Angalia kinachopimwa pale: nia, na binadamu aliyeumizwa. Vifungu hivi tumerithi kwa Waingereza, waliovitunga kwanza kwa ajili ya India mwaka 1860. Pakistani ilirithi mti huo huo, ikaupandikizia tawi la adhabu ya kifo mwaka 1986.

Na tusijisifu kwamba hayo ni ya mbali. Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili juu ya msahafu, mmoja akaukojolea, uliishia kwa makanisa kuvunjwa na kuchomwa. Waumini wa makanisa hayo hawakuwepo kwenye ubishi wala hawakuujua. Kesho yake nilisikia mtu akisema ni kazi ya "wananchi wenye hasira kali". Msemo huo nao ungestahili makala yake. Tunautumia kwa kibaka aliyechomwa moto, kwa kikongwe aliyeitwa mchawi, kama vile hasira kali ni mvua ya masika inayokuja yenyewe na haina jina wala mtaa inakokaa. Kiswahili cha kale kina kitenzi chake, kufura, yaani kuvimba kwa hasira, na hakina udugu wowote na kufuru ingawa vinafanana kwa sauti. Anayefura ana jina.

Turudi barazani. Baada ya lile "usikufuru", macho yote yalimgeukia Maalim, ambaye ndiye mkubwa pale na ndiye aliyetusomesha wengi wetu juzuu. Alimaliza kwanza kahawa yake. Kisha akasema, "Mwanangu kauliza. Na mimi nakunywa kombe, na vidonge vya presha namezea maji ya kombe hilo hilo." Watu wakacheka. Yule aliyesema "usikufuru" hakucheka. Akasema watu wa namna hii wasiachwe. Maalim akamwambia kwamba hata ukiwasikia wanaozikanusha aya zenyewe na kuzifanyia stihizai, yaani kejeli, sembuse huyu wa sahani, agizo lililo katika Sura ya Nisaa ni usikae nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. "Basi," akasema, "tuingie mazungumzo mengine. Coastal Union wanacheza na nani Jumapili?"

Tukaingia mazungumzo mengine.

Jana nilipita tena pale. Yule bwana wa kashata alikuwa akimsimulia mgeni kutoka Pangani, akamwonesha kwa kidevu upande wa pili wa barabara, ambako kijana alikuwa amepindua baiskeli ya mtu akinyoosha ringi. "Ndiye huyo," akasema, "aliyekufuru."

"Aliyeuliza," nikamwambia.

Akanitazama. "Haya, aliyeuliza." Kisha akamgeukia mgeni na kuanza kumweleza swali lenyewe lilikuwa nini, na ikabidi nimsaidie, kwa sababu hakulijua.