Eksirei safi haimaanishi ni damu tu

Hapa Moshi, kijana akianguka na bodaboda akabaki na uvimbe mgumu pajani, ataambiwa mawili: eksirei haijaonyesha kitu, basi ni damu imeganda, na akandwe kwa nguvu iyeyuke. Yote yana walakini.

Msuli uliopondeka unaweza kuanza kutengeneza mfupa ndani yake. Mwanzoni mfupa huo bado hauna chokaa ya kutosha kuonekana kwenye eksirei. Ndiyo maana wiki 2 au 3 za kwanza picha hutoka safi. Altrasaundi huwahi kuuona. Baadaye sitiskani (CT, eksirei ya vipande vya mwili) huonyesha jambo la kupendeza (kwa sisi tunaopenda picha): ganda gumu pembeni, laini katikati, kama yai. Saratani ya mfupa kwa kawaida huwa kinyume, sehemu ngumu zaidi ikiwa katikati. Emarai (MRI, picha ya sumaku) ya mapema inaweza kumtisha hata daktari, maana msuli mzima unaozunguka umevimba, na unafanana na saratani.

Na kule kukanda? Siku hizo za mwanzo kunaujeruhi msuli upya. Uache upumzike, na uvimbe ukizidi kuwa mgumu, omba eksirei irudiwe baada ya wiki 4 hadi 6.