Kosa Halikai Pale Linapoonekana

Pampu ya sola ya kijiji kimoja jirani na Mpondwe, mpakani na Kongo, ilikuwa inazima kila siku saa tano asubuhi. Kioo cha kontrola, kisanduku kinachoongoza umeme wa pampu, kiliandika kwamba kisima hakina maji. Kamati ikachangisha, kontrola ikabadilishwa. Pampu ikazima. Ikafungwa ya tatu, pampu ikazima saa ileile. Nilipoitwa, akina mama walikuwa wamesharudia madumu ya mtoni, na hilo liliniuma.

Mzee anayetunza kisima ndiye aliyenipa ushahidi mzito kuliko wote: "Fundi, siku ya mawingu inavuta polepole, lakini haizimi."

Pampu ilipozima, nilishusha kamba ya kupimia maji kisimani. Maji yalikuwa mita 15 juu yake.

Mfumo huu ni mnyororo: paneli, nyaya, kontrola, nyaya tena, mota, pampu, bomba, tangi. Mimi hupima katikati kwanza, maana kipimo kimoja huondoa nusu ya washukiwa. Kama kosa ni moja, hata mnyororo wa viungo 1,024 humalizwa kwa vipimo 10. Waliotangulia nao walipima nyaya zinazoingia kwenye kontrola, wakakuta volti kamili, wakailaumu kontrola. Tatizo ni kwamba walipima pampu ikiwa imeshazima! Mimi niliacha kipima volti pale nikasubiri. Saa nne na nusu volti zikaanza kushuka huku pampu ikivuta. Ilipozima tu, zikapanda zote. Kiungio kibovu hakijioneshi mpaka umeme upite ndani yake.

Basi kosa lilikuwa upande wa paneli. Niligawa nyaya zile nusu kwa nusu mpaka chini ya paneli ya tano: kiungio cha plastiki kimeyeyuka ubavu mmoja, pini ndani haikubanwa sawasawa tangu siku ya kufungwa. Mkondo ukipanda kutoka ampea 2 za asubuhi hadi 8, joto kwenye kiungio kama hicho huongezeka mara 16, kwa kuwa hufuata mraba wa mkondo; ndiyo maana siku ya mawingu, mkondo ukiwa mdogo, pampu haikuzima. Volti zikianguka, mota hulegea na kula umeme kidogo, na kontrola, ambayo haina jicho kisimani, hudhani pampu inazunguka pakavu.

Kioo kinaandika dhana ya mashine. Mwaka 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliharibika kabla ya dakika moja kutimia angani. Programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilikutana na namba kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, kisha kompyuta kuu ikausoma ujumbe wa hitilafu kana kwamba ni vipimo vya safari, ikaigeuza roketi ghafla.

Tulibadilisha kiungio, pampu ikavuta hadi jioni. Zile kontrola mbili zilizong'olewa ziko stoo ya kamati. Nilizijaribu moja moja, zote nzima.