"Hilo usiliandike" husemwa kabla, si baada

Juzi nimepigiwa simu tena, saa mbili za usiku, na mkuu wa kitengo kimoja hapa mjini. "Ndugu yangu, gazeti limenigeuza. Nilimwambia mwandishi hilo asiliandike." Nikamuuliza, ulimwambia lini? "Nilipokwisha kulisema." Basi hukugeuzwa. Umenukuliwa.

Kazi yangu ni uafisa habari, na maneno haya nimeyasikia kwa madaktari, walimu wakuu, masheha, mabwana shamba. Wote wanaamini "usiandike" linarudi nyuma kufuta lililokwisha toka mdomoni. Halirudi. Hayo ni makubaliano, na makubaliano yanataka watu wawili. Unasita, unamwambia: "Nina jambo nataka ulielewe tu, si la kuandikwa. Umekubali?" Kisha unangoja jibu. Akikataa, hulisemi.

Nilikuwepo Jambiani, kijiji cha pwani hapa Unguja, siku mtaalamu mmoja wa mwani alipohojiwa. Nusu saa nzima alieleza vizuri mno: kati ya aina mbili za mwani, kotonii ina bei kuliko spinosamu, lakini maji yakipata joto matawi yanakuwa meupe na kukatika, ndiyo maana kina mama wengi wamebaki na spinosamu. Mwandishi akafunga daftari, akatia kalamu mfukoni. Simu yake ilikuwa bado mezani inarekodi, sekunde zinahesabu. Mtaalamu akajifunga kanga vizuri, akashusha pumzi: "Kwa kweli kamba za kupandia mwani tulizowagaia kina mama safari hii ni mbovu." Kisha akasema hilo usiliandike. Kesho yake kamba ndiyo kichwa cha habari. Kotonii ilipata aya moja, mwishoni. Mahojiano hayamaliziki daftari likifungwa. Yanamalizika mwandishi akishapanda gari akaondoka.

Hata mkikubaliana mapema, semeni mmekubaliana nini. Lisiandikwe kabisa? Liandikwe bila ya jina lako? Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa sababu kisiwa chetu ni kidogo. Ikiandikwa "ofisa mmoja wa kike wa mwani, Paje", jina limefichwa kwa msomaji wa Mwanza. Paje yenyewe watakujua kabla chai haijapoa. Kwa hivyo msijadili jina peke yake, jadilini na namna utakavyoelezwa: cheo kitajwe au kisitajwe, kijiji kitajwe au iandikwe "Unguja" tu. Mwandishi makini hakasiriki ukimuuliza. Anayekasirika, mpe yale tu ambayo uko tayari kuyaona yamechapwa pamoja na jina lako.

Mengine hayana maneno mengi. Kichwa cha habari kwa kawaida anakiandika mhariri, usimpigie mwandishi kumfokea. Usidai kusoma habari nzima kabla haijatoka. Omba akusomee maneno yako na takwimu zako, wengi watakubali. Takwimu ziandike kwenye karatasi umpe, maana kilo na tani zinachanganywa kila siku. Usilolijua sema hulijui, na ukiahidi kumtafutia jibu, mpigie mchana huo huo. Jioni gazeti linafungwa.

Kuna jambo linanisumbua, wala sijalipatia jibu. Kina mama wa Jambiani walikuwa na haki ya kujua kamba ni mbovu. Wanaingia majini maji yakitoka, wanainama kwa saa nyingi kufunga mwani kwenye kamba kwa taitai, vile viuzi vidogo, halafu kamba ikatike mavuno yaende na bahari. Mtaalamu yule alikaripiwa kazini, na ningekuwa nimemfundisha mapema asingelitamka. Ingekuwa nafuu kwake. Kwao, sidhani. Tangu siku ile, anayekuja kwangu kujifunza kuhojiwa namuuliza kwanza hilo asilotaka liandikwe linamlinda nani, na mara nyingine nakataa kumsaidia kulificha.

Yule wa saa mbili za usiku nimemwambia ampigie mwandishi asubuhi, bila ya ugomvi, ampe takwimu ambazo hakumpa siku ile. Anasema ataona.